Umri wa Tanuru la Kijani

Pincher Creek, Alberta
8 Novemba 1993

Mjomba wangu Hjalti,

Nakuamkia kwa heshima na mapenzi, pamoja na mwanangu Runa, ambaye jana ameng'oka jino la mbele na anataka ulijue jambo hilo kabla ya mtu mwingine yeyote huko Gimli. Mume wangu mzima. Farasi wa jirani zetu wameshikwa na kikohozi, kwa hiyo mimi daktari wao silali sana. Upepo wa hapa nao ni ule ule, mtu akifungua mlango hupoteza kofia.

Sasa jambo lenyewe. Kwa kuwa nyumba yako, tangu mama alipofariki, imeandikwa kwa majina yetu mawili, watu wa bima wameniandikia mimi. Wanataka kujua umri wa tanuru lililo chumba cha chini, lile linalopasha nyumba nzima joto. Likiwa limepita miaka ishirini na mitano, hawataikubali tena nyumba. Na mimi, mjomba, siwezi kukuacha peke yako na tanuru kuukuu katika nyumba isiyo na bima kwa baridi ya huko. Itabidi uje kukaa nasi, au uhamie ile Nyumba ya Wazee ambayo umeapa hutaingia hata kumjulia mtu hali.

Jibu linatakiwa kabla ya mwisho wa Februari. Ni kazi ndogo. Shuka chini, tazama kibati kilichopigiliwa kwenye mlango wa tanuru, uniandikie namba ya mtambo. Umri umo ndani ya namba. Ningekupigia simu, ila mara ya mwisho uliniambia simu haina pambizo ya kusahihishia, ukaikata.

Mpwa wako,
Asdis


Gimli, Manitoba
21 Novemba 1993

Mpwa wangu Asdis,

Barua yako ilifika Alhamisi, baada ya kuzuiwa na theluji siku mbili. Mwambie Runa alitunze jino lake. Mtu hajui lini atatakiwa kutoa ushahidi. Mimi mzima. Goti linalalamika lakini halijagoma. Ziwa limeganda mpaka macho yanapoishia. Jirani yangu wa upande wa kaskazini bado anaacha dirisha la chumba chake wazi mchana kutwa na usiku kucha, katika nyuzi ishirini chini ya sifuri. Nadhani ameamua kulipasha joto Ziwa Winnipeg. Sisemi zaidi.

Kuhusu tanuru. Nimefundisha miaka thelathini na minne, na ninajua kwamba mtu aliyepewa namba bila maelezo hajapewa kitu. Kwa hiyo tuanze mwanzo. Tanuru la nyumba ni sanduku la bati lenye kimo cha mtu mfupi. Chini yake gesi huwaka kwenye vichomeo. Juu ya vichomeo kuna mifereji ya chuma. Moshi hupita ndani ya mifereji na kutokea dohani. Hewa ya nyumba hupita nje ya mifereji hiyo hiyo na kurudi vyumbani ikiwa na joto. Hewa hizi mbili hazipaswi kukutana. Chuma kikipasuka kwa uzee, zinakutana, na ndani ya nyumba huingia sumu isiyo na harufu wala rangi. Kwanza kichwa kinauma. Kisha mtu analala usingizi asioamka. Ndiyo maana watu wa bima wanauliza umri, si umbeya.

Sikutaka kufanya kazi hii bila shahidi, nikamwita Bensi. Unamkumbuka Bensi, aliyeandika nasaba ya kila familia ya hapa mpaka kwa babu zetu waliotoka Iceland, na za wale anaowapenda mpaka kwa wafalme. Alishuka, akalizunguka tanuru mara mbili, akauliza, "Wazazi wake ni nani?"

Nikamwambia hili ni tanuru.

"Naona ni tanuru. Nauliza limetoka kwa nani."

Bensi haamini kwamba kitu kinaweza kuwa na umri kabla hakijawa na ukoo. Nilimweleza ninachokijua: kwamba marehemu shemeji yangu Ingi alilileta kiangazi cha mwaka 1986, likiwa limekwisha kutumika mahali pengine, pamoja na lingine linalofanana nalo ambalo alilifunga nyumbani kwake. Yote mawili aliyapaka rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupaka uzio wa kanisa. Ingi alikuwa hawezi kupita jengo linalobomolewa bila kurudi na kitu. Hakusema ametoa wapi, na Oktoba ya mwaka ule ule akafa. Bensi aliandika hayo yote, akachora mti wenye matawi, akahitimisha kwamba tanuru lina umri kati ya miaka saba na sitini. Nilimpa kahawa, akaenda zake.

Nikaona pia kwamba mlango wa tanuru haukai vizuri kwenye fremu yake. Haujawahi kukaa vizuri. Naufunga kwa kamba ya kiatu.

Nilikusudia kukuandikia namba hapa, lakini ukurasa umekwisha, na namba haifai kubanwa pembeni. Itakuja na barua ijayo.

Mjomba wako,
Hjalti


Pincher Creek
6 Desemba 1993

Mjomba mpendwa,

Tumefurahi kusikia goti halijagoma. Runa amelitia jino ndani ya kibweta na ameandika juu yake "ushahidi". Theluji imefika hapa pia, na farasi wamepona.

Nimesoma maelezo yako ya tanuru mara mbili. Sasa ningeweza kulifundisha darasani. Namba sina.

Najua hupendi kuharakishwa. Lakini mimi kazini hufunuliwa mdomo wa farasi, nikatazama meno, nikasema huyu ana miaka kumi na minne, na mwenye farasi hanipi kwanza historia ya nyasi. Nakuomba namba tu, mjomba wangu.

Na kama Ingi ndiye aliyefunga matanuru yote mawili, kwa nini usimuulize mama mkubwa Lauga? Alikuwa mkewe. Anakaa hatua chache kutoka kwako. Ni dada yako. Unaandika "jirani yangu wa upande wa kaskazini" kama vile ni mtu aliyehamia juzi. Nilikuwa masomoni mlipokosana, na hakuna aliyewahi kuniambia sababu.

Asdis


Gimli
20 Desemba 1993

Mpwa wangu,

Heri ya Krismasi kwenu nyote, ijapokuwa barua hii itafika sikukuu ikiwa imekwisha pita. Kanisani tulikuwa wachache kwa sababu ya barafu njiani. Nimepokea kutoka kwa watu mbalimbali vipande tisa vya vinarterta, ile keki ya babu zetu wa Iceland. Vyote vilikuwa na tabaka saba, plamu kavu za kutosha na iliki isiyoogopa kujulikana, na hakuna hata kimoja kilichopakwa aisingi juu, ule utando wa sukari. Dunia bado ina watu wa maana.

Namba ni hii: 6138-20417. Nimeisoma kwa kioo cha kukuzia, nikairudia kesho yake.

Sasa tuisome. Nilimwandikia fundi mmoja mstaafu wa Winnipeg, naye akanieleza utaratibu wa kiwanda hiki. Tarakimu mbili za kwanza ni mwaka. Mbili zinazofuata ni juma la mwaka. Zilizobaki ni nafasi ya tanuru katika foleni ya wenzake. Kwa hiyo tanuru hili lilitoka kiwandani juma la thelathini na nane la mwaka 1961, yaani katikati ya Septemba. Mtu asiyejua angesoma namba nzima kama kitu kimoja na asione chochote. Bensi, kwa mfano, alidhani ni ukurasa wa daftari la ubatizo, akapoteza asubuhi nzima kanisani akiutafuta.

Lina miaka thelathini na miwili. Limepita kikomo kwa miaka saba.

Nimeanza kufunga vitabu. Nimemaliza herufi A mpaka D. Nyumba ya Wazee wanaruhusu rafu moja kwa kila mtu. Nina rafu kumi na tisa.

Kuhusu jirani wa kaskazini, hahitaji kuulizwa. Mwaka jana watu wa bima walimuuliza swali hili hili, naye akamwita Bensi amsomee kibati chake, na Bensi hakusoma kimya kimya. Kijiwe chote cha kahawa kinajua kwamba lake linaanza na 84. Lina miaka tisa. Ingi alijifungia kijana na mimi akanifungia mzee. Ni haki yake, mtu huanza na nyumba yake. Lauga atabaki. Mimi nitaondoka, naye atakuwa na uwanja wote wa kuuachia dirisha.

Tulikosana kwa sababu ya keki. Alipaka aisingi. Hayo yanatosha.

Hjalti


Pincher Creek
5 Januari 1994

Mjomba wangu,

Heri ya mwaka mpya. Runa ameng'oka jino la pili na sasa anapiga mluzi akitaka kusema jina lako. Usifunge herufi E.

Nisikilize mimi leo, uwe mwanafunzi kwa ukurasa mmoja. Ulinifundisha kwamba ushahidi mmoja ni uvumi. Katika kazi yangu wapo wauza farasi wanaochukua tupa wakayachonga meno ya farasi mzee mpaka yafanane na ya kijana. Ukitazama mdomo tu, umekwisha. Kwa hiyo baada ya meno natazama macho, mgongo, kwato. Kama mdomo unasema miaka sita na mgongo unasema ishirini, naamini mgongo.

Wewe umesoma mdomo tu. Kibati chako bila shaka kina maneno mengine zaidi ya namba. Yasome yote, kisha ulitazame tanuru lenyewe, uone kama yanaafikiana. Na ule mlango usiokaa kwenye fremu haunipendezi. Farasi ambaye meno yake hayakutani, huwa kuna sababu.

Na watu hawanyamaziani miaka saba kwa ajili ya sukari.

Asdis


Gimli
18 Januari 1994

Mpwa wangu Asdis, mwalimu wa mwalimu wako,

Salamu kwa Runa na mluzi wake. Baridi ni nyuzi thelathini na tatu chini ya sifuri, hakuna upepo, moshi wa kila dohani umesimama wima kama mwanafunzi aliyeulizwa swali. Goti halisemi neno, nadhani limeganda.

Nilifanya kama ulivyosema. Kibati, chini ya namba, kinasema hivi: vichomeo vitatu. Nimekaa nacho miaka saba na nimelisoma neno hilo mara nyingi bila kulisoma. Nikafungua kamba ya kiatu, nikautoa mlango, nikapiga magoti, ambalo ni jambo la kupangwa siku hizi, nikahesabu ndimi za moto. Zilikuwa tano. Nikahesabu kutoka kulia. Tano. Nikamwita Bensi, akahesabu kwa sauti, akafika tano, akauliza kama mbili si za ndoa ya pili.

Tanuru lenye vichomeo vitatu halioti viwili vingine. Basi mlango huu si wa tanuru hili. Na kama si wake, ni wa nani? Hapa ndipo hoja inapopendeza. Kiangazi kile Ingi aliweka matanuru mawili katika uwanja wetu, akatoa milango yote miwili, akaipaka kijani, akaianika juu ya uzio. Milango inafanana, inapishana upana wa kidole. Ilipokauka akairudisha, huu kule na ule huku. Kibati changu kiko kwa Lauga, na chake kiko kwangu. Tanuru langu ndilo lile la 84. Lina miaka tisa, Asdis. Siendi kokote. Nimewaambia watu wa bima kwa barua ya kurasa kumi na moja yenye mchoro, na leo asubuhi nimefungua sanduku la herufi A.

Ninaandika haya mezani jikoni, na dirisha la jikoni linatazama kaskazini.

Dirisha la Lauga liko wazi.

Tanuru lililo kwake, basi, ndilo la mwaka 1961.

Nilikueleza mwenyewe mwezi wa Novemba, kwa lugha nzuri, chuma cha zamani hufanya nini. Nimeiandika sumu, nimekiandika kichwa kinachouma, na katika ukurasa ule ule nimelicheka dirisha.

Uliuliza kuhusu keki. Ilikuwa kwenye kahawa ya mazishi ya Ingi. Lauga alileta vinarterta iliyopakwa aisingi nyeupe. Watu sitini wamekaa. Nikasema kwa sauti ya darasani kwamba naona theluji imeanguka mapema mwaka huu. Watu wakacheka. Yeye akaweka kisu mezani akatoka. Tangu siku hiyo hajanisemesha, wala mimi sijamsemesha, na kwa miaka saba nimekuwa nikisema ni mambo ya aisingi.

Naiacha kalamu hapa. Bensi ataipeleka barua hii posta.

Hjalti


Pincher Creek
27 Januari 1994

Mjomba,

Barua yako imefika leo. Nimepiga simu kwako mara nne, inaita tu. Nimepiga kwa mama mkubwa Lauga mara sita, inaita tu. Kwa Bensi amepokea mkewe, akasema Bensi yuko kwako "na ile shughuli ya moto," akakata kwa sababu alikuwa na mkate jikoni.

Sitaki maelezo. Sitaki mchoro. Niandikie neno moja tu kama mama mkubwa ni mzima.

Asdis


Gimli
6 Februari 1994

Mpwa wangu Asdis,

Mzima.

Neno ulilotaka nimelitanguliza. Sasa niruhusu salamu. Tusamehe kwa simu. Yangu niliichomoa ukutani kwa sababu ya Bensi, anayepiga kila akikumbuka ndugu mpya wa tanuru, na nyumba ya Lauga imefungwa. Nitaeleza kwa utaratibu.

Nilipoiacha kalamu nilivaa koti na kwenda. Ni hatua ishirini na sita kutoka mlango wangu hadi wake, sikuwahi kuzihesabu. Nilibisha. Alifungua akiwa na koti la manyoya na kofia, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Amekonda.

"Umepotea njia, Hjalti?"

Nikamwambia nimekuja kuhesabu ndimi za moto.

"Miaka saba hunipi hata salamu, leo unakuja kuhesabu moto wangu?"

"Zikiwa tatu, unatoka humu sasa hivi."

"Na zikiwa tano?"

"Zikiwa tano nitakula keki yako na aisingi yake, mbele ya Bensi."

Akanipisha. Mlango wa tanuru lake aliufunga kwa utepe wa aproni, maana nao hauingii. Niliutoa. Zilikuwa tatu, Asdis, na hazikuwa za buluu kama zangu. Zilikuwa za njano, zinalegea na kuyumba. Nililizima pale pale, sikusubiri kueleza.

Tulipokuwa tukipanda ngazi akaniambia mambo ambayo ningeyajua kama ningekuwa ndugu. Ni majira ya pili ya baridi sasa kichwa kinamuuma kila tanuru likiwaka, na akifungua dirisha anapata nafuu. Alimwita fundi. Fundi akainama, akasoma kibati, akasema tanuru hili ni la 84, ni kijana. Akamwambia, mama, kinachozeeka humu ni wewe. Kwa hiyo alifungua dirisha, akavaa koti, akanyamaza. Aliniona kila siku nikilitazama dirisha lake kutoka jikoni kwangu. Alijua ninachokisema kijiweni. Bensi hanyamazi.

Nikaanza, "Lauga, siku ile ya mazishi ya Ingi..."

"Sema tukifika penye joto," akasema, akachukua mkoba wake na bati la keki.

Nilisema mezani kwangu. Sikutumia sauti ya darasani. Nilisema keki ile ilikuwa nzuri na mimi nilikuwa mjinga mbele ya watu sitini.

"Nilijua ni nzuri," akasema. "Aisingi aliitaka Ingi. Siku zile za mwisho hospitalini alikuwa hawezi kula kitu. Nilikuwa nampakia aisingi kwenye kidole, anailamba. Nilipotengeneza keki ya mazishi nikaona siwezi kuiacha."

Nilikula vipande viwili. Ni tamu kupita kiasi, na hilo nimemwambia, akasema hajaniuliza.

Siku iliyofuata alikuja fundi mwingine, mwanamke wa makamo. Akamulika taa ndani ya tanuru la Lauga, akatuita tukatazama. Mfereji wa katikati umepasuka urefu wa kiganja. Akalifunga bomba la gesi, akatundika karatasi nyekundu, akasema mtu aliyelala humo miezi mingi na bado yu hai basi ana bahati au ana dirisha. Jipya litafungwa Machi. Watu wa bima nao wamekuja kwangu, wamehesabu ndimi tano wenyewe, wamekubali. Bensi alisimama kando akiwasomea nasaba.

Mpaka Machi Lauga anakaa kwangu, chumba cha mama yako. Analalamika kwamba vitabu vyangu vinanuka. Amepanga upya herufi A mpaka D kwa rangi za majalada. Milango miwili ya kijani nimeirudisha kila mmoja kwao. Wangu umeingia kwa mlio mmoja, na kamba ya kiatu nimeirudisha kwenye kiatu. Lauga alikiambia kibati, kabla sijaufunga mlango wake, "Wewe ulitaka kuniua kwa ujana wako." Kisha akapitisha kidole juu ya rangi ya Ingi, akasema palibaki michirizi, alikuwa hana subira ya kupaka mara ya pili.

Jana usiku nilisikia baridi miguuni. Nikaifuata ukumbini, nikakuta mlango wake uko nusu, naye amelala, na dirisha liko wazi kwa mazoea. Tanuru chini lilikuwa likinguruma kwa ndimi zake zote tano. Nilisimama pale muda wa kutosha kutayarisha somo zima juu ya upotevu wa joto katika nyumba za makazi.

Kisha nikaenda kuchukua blanketi la pili, nikamfunika, na dirisha nikaliacha. Ziwa nalo lipate chochote.

Mjomba wako,
Hjalti